Mwamba Mmoja, Bahari Nzima: Hotuba kwa Wahitimu wa Sayansi ya Uvuvi

Pweza wa miamba ya Afrika Mashariki ana maisha ya vipimo viwili. Akishakua hatangi mbali na pango lake. Ndiyo maana akina mama wanaochokoa pweza maji ya bamvua yakipwa wanajua pa kurudi. Watoto wake, kinyume chake, wakianguliwa huelea kwa majuma kadhaa, na mkondo huweza kuwavusha kijiji hata wilaya. Mama yao hawaoni wakikua: hufa mara baada ya mayai kuanguliwa.

Modeli isiyojali tofauti hiyo hupotosha. Tuseme kuna miamba 10, kila mmoja una pweza 100, na miwili iliyo karibu na diko imevuliwa ikaisha. Hesabu ya eneo zima itaonyesha pweza 800 kati ya 1,000, hali ya kuridhisha kabisa, ilhali mama asiye na ngalawa anarudi nyumbani mikono mitupu. Hilo si kosa dogo la hesabu. Tiba yake ni kuigawa bahari vipande, kila kipande kikiwa na mazao yake, uvuvi wake na samaki wanaoingia na kutoka. Kazi ngumu ni kuchagua ukubwa wa kipande: kikubwa huficha uhaba, kidogo hudai takwimu za kila diko, na madiko mengi hayana daftari linaloaminika.

Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa. Baadaye baadhi ya vijiji vya Pemba vikafuata mfano huo. Pweza hukua upesi, kwa hiyo uzito unaoongezeka hubaki palepale, kwa waliosubiri. Mayai ni habari nyingine. Faida yake hufuata mkondo, na huenda ikavunwa na kijiji kisichofunga hata siku moja. Kwa uzito, kijiji kimoja kinatosha. Kwa kizazi kijacho, hakitoshi.

Kwa jodari, hata nchi nzima ni ndogo. Anavuka Bahari ya Hindi, na tangu 1996 kuna kamisheni ya kimataifa ya jodari yenye makao Shelisheli.

Basi mhitimu atakayekabidhiwa ramani ya wilaya aulize kwanza mkondo unaelekea wapi, kisha aketi na wachokoaji wa pweza, ndipo achore mstari.