Kwa Nini Watafiti Hushirikiana? Funzo Kutoka Ruiru

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya wakulima, Thika na Ruiru)

Tukitembelea vikundi tunaulizwa: hawa watafiti wenye digrii zao, mbona kila mmoja hafanyi kazi peke yake? Jibu liko hapa hapa kwetu.

Ugonjwa wa matunda ya kahawa, ule wakulima huuita CBD, ulionekana Kenya mwaka wa 1922. Matunda mabichi hugeuka meusi na kuharibika mtini. Mwaka wa mvua nyingi, asiyepiga dawa huweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Anayepiga naye, pesa zinaishia dukani.

Miaka ya 1970 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilianza kutafuta mti unaojikinga wenyewe. Sasa sikilizeni. Mtaalamu wa magonjwa anajua kuvu, lakini kuzalisha mbegu si kazi yake. Mzalishaji anajua kuchavusha maua, lakini anahitaji mwenzake ampimie miche ipi ina kinga. Na mti ukiwa na kinga lakini kahawa haina ladha, nani atanunua? Basi lazima muonjaji pia aitwe. Hata mbegu za kuanzia hazikuwa zote za hapa: kulikuwa na Rume Sudan kutoka Sudan, na Catimor kutoka Colombia. Ndipo mwaka wa 1985 wakulima wakapata Ruiru 11, inayokinga CBD na kutu ya majani.

Mnaona? Mtafiti humchagua mwenzake kwa sababu ana kile yeye anakosa, na anaaminika kusema matokeo hata yakiwa mabaya. Ukichagua rafiki anayejua yale yale unayojua, mko wawili lakini ujuzi ni mmoja.

Na mkulima je? Yeye ndiye anajua kona gani ya shamba hushika maji. Huo pia ni ujuzi. Lakini tumeona vikundi vikijibu maswali siku nzima, karatasi zikaenda zisirudi. Huo si ushirikiano. Kwa hivyo mtafiti akija, mkaribisheni chai, halafu muulizeni: sisi tunatoa nini, tutapata nini, na majibu utaturudishia lini? Wekeni hayo kwenye kitabu cha kikundi kabla kazi haijaanza.

Wazee wa huku husema kikundi ndicho huinua kinu. Lakini kikishainuliwa, unga nao ugawanywe.