Nyumba Impokee Aliyeumia Uti wa Mgongo



Tunapotaja haki, aghalabu tunafikiria mahakama, mashamba na mishahara. Leo tunapenda kuzungumza juu ya mlango, kizingiti na choo.

Mkoa wetu ni nchi ya michikichi. Baba apandaye kukata mikungu ya chikichi akiteleza, au kijana wa pikipiki akigongwa njiani kati ya Mwanga na Ujiji, yawezekana mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo ikaumia, na miguu isiinuke tena. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa zaidi ya watu milioni 15 ulimwenguni wanaishi na hali hiyo. Katika nchi maskini wengi wao hufa mapema, si kwa ajali yenyewe, bali kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya njia ya mkojo, mambo yanayoweza kuzuilika.

Basi, mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali anarudi wapi? Anarudi kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu watembeao. Mlango ni mwembamba, kiti cha magurudumu hakipiti. Choo ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba, nacho chataka mtu achuchumae. Maji yako bombani, chini ya mlima. Kwa hiyo hubaki amelala chumbani mchana kutwa. Ngozi yake haihisi maumivu, hivyo kidonda huanza bila yeye kujua. Mkewe humgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Humbeba, humwogesha, na huacha biashara yake ya dagaa. Binti huacha shule ili amsaidie mama. Mgonjwa ni mmoja, lakini waliofungwa ndani ya nyumba ile ni wote.

Na kama wamepanga, hawathubutu kubomoa hata tofali moja bila ruhusa ya mwenye nyumba. Wale waishio mwaloni wana hofu nyingine: maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda miaka ya 2020 na 2021, yaliingia katika nyumba za ufukweni. Mwenye miguu alikimbia. Asiyeweza kutembea ilimlazimu kungoja kubebwa.

Haya si mambo ya huruma tu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 28 unataja makazi ya kufaa kwa mtu na familia yake. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ila sheria haichanganyi udongo wala haipigi msumari. Hiyo ni kazi ya mikono.

Tena mengi hayahitaji fedha nyingi. Kizingiti chenye kimo cha sentimita 25 chahitaji mteremko wa mita 3, wa tofali na udongo ulioshindiliwa. Mlango upanuliwe ufikie sentimita 90. Choo kiwekewe kiti chenye tundu na miti imara ya kushikia. Kitanda kiwe na kimo sawa na kile kiti, ili mgonjwa ajihamishe mwenyewe. Ndani ibaki nafasi ya mita moja na nusu ya kugeuka.

Wapendwa, tunaikumbuka ile nyumba ya Kapernaumu. Watu wanne walimleta mwenzao aliyepooza. Mlango haukuwapitisha, nao wakafumua dari. Hawakumwambia arudi siku watu watakapopungua. Waliona kuwa kilichokosea ni nyumba, si mgonjwa.

Basi, kila Jumuiya ijiulize: katika mtaa wetu, nani hajatoka nje tangu alipoanguka? Tumtembelee, naye atueleze mwenyewe anachohitaji, pamoja na mkewe au mama yake. Tuzungumze na mwenye nyumba kwa heshima. Tumwone mwenyekiti wa mtaa. Kisha tupange Jumamosi moja, twende na majembe, tofali na fundi wetu.