Punda Akichechemea, Tuanzie Wapi?

Tumeombwa tuzungumze juu ya punda wetu. Tutayasema na makosa yetu, maana tuliyafanya.

Punda huyu hubeba maji, mitungi 4 ya lita 20 kila safari. Siku moja alirudi akichechemea. Sisi tukasema ni bega. Kijana anayemwendesha tukamgombeza, eti amempiga. Mmoja wetu akaleta chuma cha moto, punda akachomwa begani. Wiki nzima akazidi kuchechemea, na maji tukawa tunanunua.

Alipokuja daktari wa mifugo, kwanza alitaka kumwona akitembea. Kijana akamwongoza kwa kamba iliyolegea, mahali tambarare penye udongo mgumu, kwenda na kurudi. Tukaambiwa tutazame kichwa. Mguu wa mbele ukiuma, punda huinua kichwa anapoukanyagia, kisha hukiinamisha anapokanyaga ule mzima. Hapo ndipo tulipopotea. Tuliona kichwa kikishuka tukadhani mguu ule ndio mgonjwa, kumbe ndio mzima! Bega tulilochoma lilikuwa la kulia, na mguu mgonjwa ulikuwa wa kushoto.

Kwa miguu ya nyuma, simama nyuma yake utazame nyonga. Ile inayopanda na kushuka zaidi ndiyo ya upande unaouma.

Kisha daktari akashika kwato mbili za mbele kwa viganja, alinganishe joto. Ya kushoto ilikuwa moto. Alituambia tuanzie kwato kila mara, kwa kuwa kuchechemea kwingi kwa punda hutoka huko, hata kama macho yanatuonyesha bega. Akasafisha kwa kifaa butu, kutoka kisigino kwenda mbele, bila kuchokora ile sehemu laini ya katikati. Chini ya matope palikuwa na kitundu cheusi. Alipokifungua, usaha ukatoka, na punda siku hiyo hiyo akakanyaga vizuri kidogo. Tuliendelea kuloweka kwato katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, tukaifunga kitambaa safi na gunia juu yake. Akachomwa na sindano ya pepopunda, ugonjwa ambao jina lake lenyewe linatukumbusha mnyama huyu.

Kukata kwato tumwachie mtaalamu. Mkikuta msumari, tazameni umeingia wapi na kwa urefu gani kabla haujang'olewa, maana daktari atauliza.

Je, kwato ikiwa safi na baridi? Basi pandeni na mguu polepole kwa mkono, mkilinganisha na wa pili: uvimbe, joto, kidonda cha kamba. Lakini punda akikataa kutembea, ameegemea nyuma, na kwato zote mbili za mbele zina moto, hasa kama alivamia mahindi ghalani, msingoje kesho. Mwiteni daktari siku hiyo.

Wetu amerudi kazini. Kilichochelewa kupona ni kidonda cha bega, kile tulichomtia wenyewe. Kijana tulimwomba msamaha mbele ya kikundi, na kazi ya kukagua kwato kila jioni tumempa yeye. Ana bisibisi kuukuu aliyoisugua kwa jiwe mpaka ikawa butu. Ameileta, mtaiona.

Haya, mwenye swali aulize.