Maana ya Neno "Kuonea"



Neno linaloelezwa katika mazungumzo haya ni "kuonea". Asili yake ni "kuona", nalo husikika kila siku nyumbani, sokoni na barazani. Likifuatwa na jina la jambo la moyoni, maana yake hutegemea jina hilo: mtu humwonea mwenziwe huruma, au humwonea wivu, au humwonea haya. Lakini likisimama peke yake, halina wema ndani yake. Watu wakisema, "Hakimu amemwonea Juma," maana yake ni kwamba hakimu hakulitazama shauri, bali alimtazama mtu, akamhukumu pasipo haki.

Hapo ndipo linapotengana na "kukosea". Hakimu anayekosea huitafuta kweli asiipate. Labda shahidi mwongo amempoteza. Hakimu anayeonea huiona kweli akaiacha, kwa sababu ya chuki, hongo au udugu. Wahenga walisema: Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nalo neno "kudhulumu", lenye asili ya Kiarabu, hutumika zaidi pale mtu anaponyang'anywa kilicho chake, kama mjane anyimwaye shamba la urithi.

Kuyachanganya maneno haya kuna hasara. Mtu aliyeshindwa kwa haki akipiga kelele, "Nimeonewa!", amemtia doa hakimu asiye na hatia; yaani, yeye ndiye aliyeonea. Na yule aliyeonewa kweli, akilalamika njiani tu, siku zake hupita bure. Sheria ya Kenya humpa aliyeshindwa mbele ya hakimu siku 30 za kupeleka rufani ya madai katika Mahakama Kuu, na siku 14 tu kwa shauri la jinai.

Rufani hurekebisha hukumu mbaya, iwe imetoka katika kosa au katika uonevu. Lakini hongo na upendeleo vina mlango mwingine pia: kwa Katiba ya mwaka 2010, Tume ya Huduma za Mahakama hupokea malalamiko juu ya mahakimu. Kote huko kelele hazisaidii. Kinachotakiwa ni mambo yenyewe: shahidi gani hakusikilizwa, hati gani ilikataliwa, sheria gani ilivunjwa.

Basi kabla ya kulitamka neno hilo, ni wajibu wa mtu kujiuliza: Je, hakimu hakuona, au aliona akageuza uso? Jibu lake ndilo litakalomwonyesha mlango wa kubisha.