Takataka za Nyumbani na Chonga wa Minazi

Leo nataka tuzungumze habari ya takataka za nyumbani. Najua wako watakaosema, "Huyu bwana shamba amepotea njia. Taka ni kazi ya bwana afya." La, ndugu zangu, sikupotea. Huku kwetu pwani, kuanzia Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo na kuvuka Mto Ruvu, taka zikitupwa ovyo zinaingia shambani. Na mimi nayajua haya kwa sababu nilikosea mwenyewe.

Nina mjomba wangu, makazi yake ni karibu na Kaole. Nilipoanza kazi nilimkuta anafagia uwanja kila asubuhi, kisha anachoma majani. Nikamwambia, "Mjomba, unachoma mbolea. Taka zote zinazooza zirundike mahali pamoja, zitakuwa mboji." Mzee akanisikiliza. Akarundika majani, maganda ya mihogo, samadi ya mbuzi, na vipande vya mnazi mkongwe uliokuwa umeanguka. Mimi nikaenda zangu. Sikurudi kuutazama ule mrundo kwa muda wa mwaka mzima.

Niliporudi, mjomba alinipeleka shambani bila kusema neno. Miche yake kumi na miwili ya minazi ilikuwa imekufa, na mingine makuti yake yalikuwa yamekatika kama yaliyokatwa kwa mkasi. Kisha akachukua jembe, akaufukua ule mrundo wangu. Ndani yake mlikuwa na mabuu weupe, wanene kama kidole gumba, waliojikunja. Mzee akasema, "Mwanangu, umenifundisha kufuga chonga."

Ndugu wakulima, chonga mnamjua. Ni yule dudu mweusi mwenye pembe. Huruka usiku, hutoboa kilele cha mnazi na kula moyo wake, na mnazi mchanga hauna nguvu ya kustahimili. Lakini hazaliwi kileleni. Jike hutaga mayai katika vitu vinavyooza: magogo ya minazi, samadi iliyolundikana, na taka zilizosahauliwa. Mabuu hukaa humo miezi kadhaa, wanakula na kunenepa, kisha hutoka wakiwa chonga kamili.

Sasa basi, kosa lilikuwa wapi? Si kutengeneza mboji. Kosa ni kudhani kwamba taka ikishawekwa pembeni, kazi imekwisha. Kumbe tulikuwa tumeihamisha tu. Taka haijaondoka nyumbani mpaka ujue imekwenda wapi na imekuwa nini. Hilo ndilo neno langu la leo.

Anza kwa kuzitenganisha. Usichanganye kila kitu katika shimo moja. Weka mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni taka zinazooza: majani, maganda ya ndizi, ya mihogo na ya mananasi, mabaki ya mboga, samadi, na jivu kidogo. Udongo wetu wa pwani ni wa kichanga. Maji hayakai, na rutuba huchukuliwa na mvua. Mboji ndiyo inayoushika udongo huo. Chagua mahali penye kivuli, na pawe mbali na kisima, angalau hatua 40, kwa maana visima vyetu vingi ni vifupi. Tandaza majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda, kisha samadi, kisha udongo kidogo. Nyunyizia maji. Rudia hivyo mpaka mrundo ufike kiunoni, halafu ufunike kwa makuti chakavu au majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kitoe ukishike: kikiwa na joto, mboji inakwenda vizuri. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji.

Haya, sikilizeni hapa, maana ndipo nilipomponza mjomba. Ule mrundo ugeuze kila baada ya wiki tatu. Ukiugeuza utawaona mabuu. Waokote wote, uwape kuku, nao watakushukuru. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa tayari, basi itumie. Usiiache ikae mwaka. Na magogo ya minazi usiyatie humo kabisa. Mnazi ukianguka, au ukifa kwa ugonjwa, pasua mbao kama zinafaa, na sehemu iliyobaki ikatekate, uikaushe na kuitumia kuni. Gogo linalooza shambani ni nyumba ya chonga.

Ikiwa chonga amekwisha ingia kwenye mche, usikate tamaa mapema. Chukua waya mgumu, upinde ncha yake kama ndoana, uingize katika tundu, umvute nje. Mjomba wangu aliokoa miche mitano kwa njia hiyo.

Fungu la pili ni vitu visivyooza: makopo, chupa, mabati, matairi, vyombo vya plastiki vilivyopasuka. Nitavitia humu vifuu vya nazi pia, kwa kuwa huchukua muda mrefu kuoza. Vitu hivi vikishika maji ya mvua, mbu huzaliana humo. Mbu aenezaye homa ya dengue, ambayo wengine huiita kidingapopo, hupenda sana maji kidogo yaliyotulia. Huyu huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa. Dar es Salaam homa hiyo ilizuka mwaka 2014, na tena mwaka 2019, na kutoka Dar es Salaam mpaka Bagamoyo si mbali. Mkulima akiugua wakati wa masika, nani atapalilia?

Mbu huhitaji kama wiki moja hivi kutoka yai mpaka kuruka. Kwa hiyo chagua siku moja katika wiki, mzunguke nyumba pamoja na watoto. Kila chenye maji kimwagwe na kufudikizwa. Vifuu vichome mkaa au vitumie kuni. Tairi lijaze udongo upande mboga, au litoboe maji yapite. Makopo na vyuma chakavu viweke katika gunia mahali pakavu, wanunuzi wakipita uwauzie. Chupa za plastiki nazo katika miji yetu zina wanaozinunua. Zikusanyeni majirani kadhaa mpaka zifikie mzigo.

Mifuko ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Hata hivyo ya zamani bado inafukuka mashambani, na vifungashio vyepesi bado vipo. Mbuzi akivila vinamziba tumbo, atakonda mpaka afe, nawe utatafuta mchawi. Mvua ikivichukua, vinakwenda mtoni na baharini, wavuvi wanavivua badala ya samaki. Usivichome jikoni, moshi wake ni mbaya. Viokote uvipeleke kwenye dampo lililopangwa na kijiji au halmashauri. Kama kijiji chenu hakina, ulizeni katika mkutano wa kijiji. Hiyo ni haki yenu.

Fungu la tatu ni dogo, lakini ndilo la kuogopwa: chupa na makopo ya dawa za mashamba, pamoja na betri kuukuu, hata zile za redio hii unayoisikiliza. Haya yasiingie kabisa katika mboji. Chupa ya dawa ikiisha, itie maji kama robo, funga, tikisa sana, kisha mimina maji hayo ndani ya bomba la kupulizia. Fanya hivyo mara tatu, kisha itoboe ili mtu asiitumie tena. Nasema itoboe, kwa sababu nimeona kwa macho yangu chupa ya dawa ya korosho ikiwekewa mafuta ya taa, na nyingine ikiwekewa maji ya kunywa ya watoto. Sumu haionekani kwa macho, na kuosha kwa sabuni hakutoshi. Chupa zilizotobolewa na betri zifungie mahali watoto hawafiki, kisha mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako zipelekwe wapi. Usizichome, usizizike karibu na kisima, wala usizitupe mtoni.

Ndugu wakulima, mambo haya si mageni kwetu. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakainuka, wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Hawakuishia kusikiliza. Sisi nasi leo taka zetu ni nyingi kuliko zao, na za aina nyingi zaidi.

Mjomba wangu alipanda miche mingine. Mrundo wa mboji bado upo palepale, ila sasa anaugeuza kila baada ya wiki tatu, na kuku wanamfuata akishika jembe. Mimi naye tumekubaliana: nikifika Kaole, kabla ya chai, naonyeshwa mrundo kwanza.

Basi kesho asubuhi, kabla hujawasha moto wa kuchoma majani, zunguka nyumba yako. Tazama kila kilichotupwa, ujiulize: hiki kinakwenda wapi, na kitakuwa nini?