Kichekesho cha Simu Si Cheti cha Daktari

Maandishi ya hotuba kwa wazazi, walimu na vijana, iliyotolewa katika kikao cha uhamasishaji kuhusu afya ya akili



Kuna kichekesho kinachozunguka sana kwenye simu. Mtu anaingia jikoni kuchukua chumvi. Anaona vyombo vichafu, anaanza kuviosha. Kabla hajamaliza, anakumbuka nguo zilizoanikwa nje. Baada ya saa nzima anarudi mezani, na chumvi hana. Chini ya video pameandikwa: "Ukiwa na ADHD." Watu wanacheka, wanatumiana kwenye makundi ya WhatsApp, na wengi wanajibu: "Huyu ni mimi kabisa!"

Utani wa aina hii una faida yake. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza mawazo, ahangaike kupita kiasi, au atende kabla ya kufikiri. Mtoto mwenye hali hii ameitwa mtundu, mvivu, mkaidi na kichwa maji. Mzazi ameshika kiboko akisema samaki mkunje angali mbichi. Kupitia kichekesho, mzazi huyo anaweza kusikia kwa mara ya kwanza kwamba tabia ya mwanawe ina jina, na kwamba si ujeuri. Mtu mzima aliyejilaumu tangu shuleni anagundua kuwa hayuko peke yake. Hata fikra kwamba akili za binadamu hutofautiana, na kwamba tofauti si aibu, ilikuzwa katika miaka ya 1990 na watu wenye usonji waliokuwa wakizungumza kwenye intaneti.

Lakini kichekesho kina kanuni yake. Ili kipendwe na kusambazwa, ni lazima watu wengi wajione ndani yake. Kwa hiyo huchagua mambo ambayo karibu kila mtu hufanya: kusahau funguo, kuacha chai ipoe, kuahirisha kazi. Daktari hufanya kinyume. Yeye hutafuta kile ambacho si kila mtu anacho.

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, unaotumiwa katika nchi nyingi, unataka mambo kadhaa yaonekane kwa pamoja. Dalili ziwe zimedumu kwa angalau miezi 6. Baadhi yake ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12. Zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Na ziwe zinavuruga masomo, kazi au uhusiano wa mtu na wenzake. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD. Daktari huuliza historia, husikiliza mzazi na mwalimu, kisha hulinganisha. Video ya nusu dakika haiwezi kubeba hayo yote.

Watafiti wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2022, madaktari nchini Canada walikagua video 100 zilizotazamwa sana kuhusu ADHD kwenye TikTok, wakapata kuwa karibu nusu, yaani 52, zilipotosha. Mwaka 2025 utafiti mwingine, pia wa Canada, ulionyesha kwamba vijana waliotazama video hizo mara nyingi zaidi walidhani hali hiyo imeenea kuliko ilivyo kweli.

Madhara yake yana pande mbili. Upande wa kwanza ni kijana anayejipa jina la ugonjwa kutokana na video. Pengine shida yake ni kukosa usingizi, wasiwasi, msongo wa mawazo au msiba ambao hajauzungumza. Akishajipa jina lisilo lake, tatizo lenyewe linabaki bila tiba.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Mama anapoeleza kwamba mwanawe hawezi kumaliza mstari mmoja wa hesabu, jirani anacheka: "Hata mimi nina ADHD, nilisahau simu jana." Shida ya kweli inageuzwa mzaha wa kila mtu, na mama ananyamaza. Msichana mtulivu anayeketi nyuma ya darasa, mawazo yakiwa mbali, hatambuliwi kabisa, kwa sababu vichekesho vingi humwonyesha mvulana anayeruka juu ya madawati.

Kuna pia utani unaodhalilisha: picha ya mtoto mwenye usonji inayosambazwa ili achekwe. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa namna inayomvunjia hadhi. Haki hiyo haiishii kwenye mlango wa kundi la WhatsApp. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Basi, mkazi afanye nini?

Kichekesho kikimgusa, akichukue kama swali, si kama jibu. Kwa majuma kadhaa aandike kwenye daftari anachokiona: tabia ipi, lini, wapi, na inaharibu nini. Azungumze na mwalimu wa darasa. Kisha aende kwenye kituo cha afya kilicho karibu au amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, aelekezwe panapofaa. Mtoto apimwe pia macho na masikio, kwa maana asiyeona ubao au asiyesikia vizuri huonekana kama asiyetulia. Kwa mambo ya masomo, vipo vituo vya tathmini ya watoto vya Wizara ya Elimu, maarufu kama EARC.

Mwalimu naye aweke fimbo chini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na kiboko hakijawahi kumfundisha mtoto kutuliza mawazo. Kumketisha mbele, kumpa kazi kwa vipande vifupi na kumruhusu asimame kidogo husaidia zaidi.

Hakuna anayekatazwa kucheka. Mtu mwenye ADHD akijitania mwenyewe, huo ni utani wake, na mara nyingi ndio unaompa nguvu. Ila kicheko kikiisha, mtoto bado yuko darasani na daftari lake tupu. Huyo ndiye anayengojea mtu mzima mmoja amuulize kwa upole, "Ni nini kinachokuwia vigumu?"