Viatu vya Chuma: Kumzoeza Mtoto Aliyetolewa Plasta

Leo tunazungumza nawe ambaye mtoto wako alizaliwa na nyayo zilizogeukia ndani. Duniani, mtoto mmoja hivi kati ya 800 hadi 1,000 huzaliwa hivyo. Si laana, wala si kitu ulichokula ukiwa mja mzito.

Umeshapitia plasta za kila wiki, pengine tano au sita, na huenda daktari alikata kano ya nyuma ya kisigino. Sasa mguu umenyooka, na unapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Unajiuliza, si mguu umepona?

Mama, viatu hivi havinyooshi mguu. Plasta imeshafanya kazi hiyo. Viatu vinauzuia usirudi ulikotoka, maana mtoto anapokua mguu huo bado unataka kupinda. Mara nyingi unaporudi ni kwa sababu viatu viliachwa mapema, kisha plasta zinaanza upya.

Miezi 3 ya kwanza huvaliwa saa 23 kwa siku. Saa moja iliyobaki ni ya kuoga. Baada ya hapo ni usiku na anapolala mchana, mpaka afike miaka 4 au 5. Kwa hiyo akianza kutembea, mchana anatembea kama wenzake.

Usiku wa kwanza na wa pili atalia. Amezoea kurusha mguu mmoja mmoja, na sasa yote inakwenda pamoja. Nyanya yake atakuambia, "Mtoeni mwana chuma hicho." Mweleze kwa heshima, na umweleze yaya pia. Ukivivua kila anapolia, mtoto anajifunza kwamba kilio hufungua viatu. Badala yake shika kile chuma, ukisukume na kukivuta polepole magoti yakunjike na kunyooka, huku ukimwimbia. Akishajua miguu yake inaenda pamoja, anatulia.

Kumvalisha: soksi ya pamba kwanza, isiyo na mikunjo. Kisigino kikae chini kabisa, ndipo ufunge mkanda na kamba. Aina iliyobuniwa Uganda na fundi Michiel Steenbeek, ya ngozi na chuma cha kawaida, ina tundu la kuchungulia kisigino. Kikishakaa vizuri, chora mstari kwa kalamu ndani ya kiatu pale vidole vinapofika. Kesho vidole visipofika kwenye mstari ule, kisigino kimepanda. Mtoto mrusha mateke, anza na mguu uliopinda zaidi. Huo mwingine atauingiza mwenyewe kwa teke.

Wekundu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Lakini lengelenge, hasa kisiginoni, mara nyingi huonyesha kuwa kiatu kimelegea na mguu unasuguana nacho. Wengi hulegeza zaidi, na hapo ndipo kidonda huja. Usipake mafuta pale palipo pekundu. Yanalainisha ngozi na kuzidisha jeraha. Nenda kliniki.

Mgongoni hawezi kubebwa na chuma hicho, basi mbebe mbele au mpakate. Na baridi ya Eldoret tunaijua. Suruali ya kulalia inasumbua. Gauni refu na blanketi ni rahisi, hata kwa mvulana. Funga kitambaa kwenye chuma, la sivyo kitakugonga wewe kitandani.

Vidole vikianza kupita ncha ya kiatu, au mguu ukianza kuchomoka kila usiku, usingoje tarehe ya kadi. Rudi kwenye kliniki yako ya mifupa, iwe ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi au kwingineko, ukiwa umebeba viatu vyenyewe, ili fundi aone vinavyomkaa mtoto.